Mama, Uzi wa Kioo Umetulia

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini nakujua: nikianza barua bila shikamoo utauliza nimelelewa na nani. Ni mimi Zuhura wako. Nimefika Ujiji juzi kwa gari la moshi, cheti ninacho, na nina furaha hadi natamani kupiga vigelegele peke yangu hapa uani.

Kwanza habari za nyumbani. Mdogo wangu Tatu ndiye anayesokota kamba sasa. Anauzia ushirika wa wavuvi, na mnunuzi akisema kamba haijakaza anamfokea kama wewe, mkono kiunoni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka kwa sababu nyingine.

Sasa sikiliza. Kule ng'ambo serikali iliponipeleka kusoma, nilipewa kazi ya kupima msokoto wa chuma. Unaijua shafti ya meli, ile nguzo ya chuma inayozungusha pangaboi? Injini ikiilazimisha, hujisokota kidogo sana, jicho halioni. Basi tunagandisha juu yake uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, tunapitisha mwanga ndani yake. Mwanga mwingine, pacha wake, unapita kwenye uzi wa pili uliokaa pembeni. Pacha hao wakikutana wanachora mistari, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Chuma kikijisokota, mistari inasogea, nawe unaihesabu.

Tabu ni kwamba mistari yangu haikutulia. Chuma kimelala kimya mezani, yenyewe inatembea tu. Niligandisha upya mara tisa. Mwalimu wa maabara akaniambia uzi uliobaki ni wa jaribio moja, nalo likiharibika nitarudi bila cheti. Mama, nililia. Barua ya msiba wako nilikuwa nayo mkobani, sijamaliza hata kukulilia wewe. Nikawaza nitakavyoshuka stesheni mikono mitupu, mimi niliyeagwa na mtaa mzima kwa ndizi na dagaa, na wewe ukaniambia, "Urudi na kitu cha kutufaa, si wigi."

Ndipo nikaushika ule uzi kwa vidole bila kuutazama, kama ulivyonizoesha. Nikakukumbuka. Hukumruhusu mtu kufunga kamba mpya. Uliining'iniza kwenye boriti, ukafunga jiwe chini, ikazunguka weee mpaka ikachoka yenyewe. "Kamba mpya ina hasira, mwanangu. Ukiifunga na hasira yake, itakufumukia ziwani." Ikitulia ndipo ulipokubali kwa Kiha chako, "Ego, sasa tufunge."

Kumbe uzi wangu nao ulitoka kiwandani umeviringwa na hasira zake zote, nami naugandisha hivyo hivyo! Nikauning'iniza dirishani, nikafunga nati ndogo chini. Ulizunguka asubuhi nzima. Wenzangu wakaniuliza kama natega samaki. Ulipotulia, nikaugandisha, nikawasha mwanga.

Mistari ikasimama, Mama. Tuli! Nikakisokota chuma kidogo, ikasogea. Nikakiachia, ikarudi ilipokuwa. Nilipiga kigelegele humo humo maabara, mwalimu akaja mbio akidhani nimejikata.

Akataka kujua njia hiyo nimeisoma kitabu gani. Kwenye ripoti kuna mahali pa kumtaja aliyekufundisha, na wenzangu wote waliandika maprofesa. Mimi nimeandika: Asha binti Sudi, msokota kamba, Ujiji. Ni jina lile lile ulilojifunza kuliandika kwenye kisomo cha watu wazima, ukikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Sasa limepigwa chapa.

Jumatatu naripoti karakana ya meli hapa Kigoma. Nakuahidi, atakayeniuliza nani kanifundisha kazi, nitaanza na wewe ndipo nifike chuoni.

Pumzika, Mama. Kesho asubuhi nakuja kaburini na ripoti yangu. Ni ndefu, tena ya lugha ya watu wa ng'ambo, sitakuchosha. Nitakusomea ukurasa ule mmoja tu wenye jina lako, kwa sauti, hata wapita njia wasikie.

Mwanao,
Zuhura