Muhtasari Usomwe kwa Sauti

Jumamosi. Upepo wa huku Ufipa umeamka kabla yangu, unachoma masikio.

Umepotea wewe uliyehamia mjini, unayesoma hapa! Tangu tulipovuna ulezi hujachungulia. Ulidhani nimekufa? Sijafa, nina hasira. Kaa usikilize. Shule sikwenda, wajua. Mimi nasema, binti yangu Oliva anaandika, halafu ananisomea yote. Asiponisomea, hakuna kutuma.

Laiti ningekuwa mkali hivyo mwezi uliopita.

Siku ile kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji alipitisha karatasi, akasema ni ya mahudhurio. Nikaweka dole gumba, wa kwanza. Wanawake wenzangu walipositasita nikawacheka: "Njooni bwana, wino hauumi!" Wakaja wote.

Ni mimi niliyewaita.

Juzi mama Kulwa akaingia uani kwangu anahema. Ni jirani yangu, Msukuma. Ng'ombe wake walikula mahindi yangu mwaka juzi, na tangu hapo tulikuwa tunasalimiana kwa kidevu tu. Alikuwa amesikia ofisini kwamba bonde letu lenye chemchemi anapewa mtu wa mjini, azungushie uzio, apande mikaratusi. Na kwamba sisi tumeridhia. Ushahidi ni madole yetu.

Sikula siku hiyo. Kiangazi maji yetu yote yanatoka pale. Maharage pale, kabichi pale. Mikaratusi ikishakunywa, sisi tutakunywa nini?

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mkutano. Wanaume wengi wameteremka tambarare za Mtowisa kutafuta mpunga, kwa hiyo uwanjani tulijaa wanawake. Nikakaa mbele kabisa, mikono nimeificha ndani ya kitenge. Mwenyekiti akafungua, mtendaji akainuka na faili lake. Akasema muda umekwenda, muhtasari wa mkutano uliopita tuuchukulie umesomwa, tuuthibitishe. Mikono ikaanza kupanda. Ndivyo tulivyozoea. Hata wangu huwa unapanda.

Nikasimama. "Umesomwa na nani?"

"Shikamoo, bibi. Ni utaratibu tu, tuokoe muda."

"Marahaba. Mimi sijui kusoma, mwanangu, kwa hiyo kwangu haujasomwa. Soma."

"Kurasa ni nyingi, bibi."

"Nimekuja na viazi vya kuchemsha. Soma."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mama Kulwa akapaza sauti kutoka nyuma: "Msomee, baba! Au miwani umesahau?"

Akasoma. Alipofika kwenye bonde, sauti ikazama, nikamwambia aipandishe. "Wananchi waliohudhuria waliridhia kwa pamoja."

Uwanja ukajaa kelele. Hatukuwahi kuulizwa hata neno moja kuhusu bonde.

Nikabaki nimesimama mpaka wakatulia, nikawaambia wenzangu kwamba ni mimi niliyewaita kwenye ile karatasi bila kuuliza inakwenda wapi. Nikawaomba radhi. Mtendaji sikumwogopa kama nilivyoogopa kugeuka na kuwatazama wale.

Mwenyekiti akauliza nani anauthibitisha muhtasari. Hakuna mkono. Mtendaji akatakiwa kuifuta ile habari ya kuridhia, na suala la bonde lirudishwe kwetu, tulijadili na kulipigia kura baada ya wiki mbili.

Ningelala vizuri, ila nilimuuliza swali la mwisho, akajibu akitazama viatu vyake: nakala moja imeshakwenda halmashauri.

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri mimi na mama Kulwa tunashuka Sumbawanga kuifuata. Hatujui ni mlango gani. Tutabisha yote. Kama kalamu ya huko imeshatangulia kutia saini, sijui.

Na wewe, hayo maji ndiyo yaliyokukuza. Safari hii usiniletee sukari wala khanga. Njoo siku ya kura, ukae mbele na mimi, na miwani yako usiisahau. Kila karatasi itakayopita utanisomea kwa sauti mpaka mstari wa mwisho, ndipo niutoe mkono wangu ndani ya kitenge.