Jina Nililolifuta Ubaoni

Kwako Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Mgongo wako umepata nafuu? Mimi mwili mzima, moyo ndio haupo mahali pake. Simu nimeiogopa, maana ungenisikia nikilia ungenihurumia kabla hujajua lolote.

Mama yuko chumba cha wagonjwa mahututi tangu juzi. Najua utauliza imekuwaje, wakati kutoa mfuko wa nyongo ni kazi ya saa moja. Nakueleza tangu mwanzo.

Hapa hospitalini kwetu tuna madaktari wawili wa upasuaji. Mwanamume tunamwita Bingwa, mkono wake mwepesi na maneno machache. Mwanamke tumembandika jina la Polepole, kwa sababu huketi kitandani kwa mgonjwa akauliza maswali hadi chai yetu ikapoa. Mama aliangukia kwake. Akamweleza hata mambo ambayo wewe na mimi hatujawahi kuambiwa, kisha akanitania kwamba huyo ndiye binti ambaye yeye alistahili kumzaa. Nilicheka, ingawa iliniuma kidogo.

Siku ya upasuaji akaingia Bingwa. Alimaliza upesi, sote tukafurahi. Kesho yake Mama akalalamika tumbo linamkata. Bingwa akamwambia akina mama wakishonwa hudeka, na Mama, unavyomjua, akaona haya, akasema hajambo. Faili likaandikwa anaendelea vizuri. Siku ya tatu homa ikapanda na tumbo likawa gumu. Kumbe nyongo ilikuwa ikivujia ndani. Bingwa alikuwa safarini, kwa hiyo Polepole ndiye aliyemfungua tena, saa nne nzima. Mimi, muuguzi wa chumba hicho hicho cha upasuaji kwa miaka kumi na tisa, nilikalishwa nje kwenye benchi pamoja na ndugu wa wagonjwa, nikiutazama mlango.

Dada, anayeandika ubao wa upasuaji ni mimi. Jioni ya kuamkia upasuaji wa kwanza nililifuta jina la Polepole kwa kiganja changu, nikaandika la Bingwa. Polepole nikamwambia familia ndiyo imeomba. Na sikuwa mjinga wa mambo: kwa miaka yote hiyo, wagonjwa wa Bingwa wanaorudishwa kupasuliwa tena ni wanawake zaidi kuliko wanaume. Niliona, nikasema ni bahati mbaya. Mimi mwenyewe mwanamke, lakini ilipofika zamu ya mama yangu niliogopa mkono wa mwanamke.

Kabla ya kulazwa usingizi mara ya pili, Mama aliniuliza alimkosea nini yule binti hata akamkataa mwanzoni. Nilimwambia asijichoshe kwa kuongea. Sasa ana mpira wa kupumulia kooni, na Polepole anasema tusubiri tu.

Msalimie shemeji, nibusie watoto, nawe ufanye hima uje. Nimemwinamia Mama sikioni mara tatu kumwambia hakukataliwa na mtu, na mara zote tatu nimeishia kumweka sawa mto.

Ni mimi mdogo wako wa ziwa moja.