Eti Naweza Kazi ya Kukaa

Jumatatu, 4 Machi
Barua imefika. Posho ya ulemavu — wamekataa tena! "Mwombaji anaweza kufanya kazi ya kukaa." Kukaa! Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye cherehani kiwandani, na kukaa huko ndiko kulikoniharibu mgongo. Dokta wao alinipima dakika sita, macho kwenye simu. Daktari bingwa aliyenipasua mgongo aliandika kurasa nne: asikae zaidi ya dakika ishirini. Hawakuzitaja hata kwa bahati mbaya.
Wifi kapita jioni. Eti mbona naonekana mzima. Nikamwambia hata yeye anaonekana ana akili.

Jumatano, 6 Machi
Mama wakili wa msaada wa kisheria anasema twende kwa jaji. Lakini jaji haamui kama naumwa. Anaamua kama ofisi ya posho ilifuata utaratibu. Kwa hiyo mgongo wangu hauhusiki? "Unahusika kwenye karatasi tu, dada." Haya.

Ijumaa, 12 Aprili
Mahakamani. Mabenchi ya mbao, kama ya adhabu. Robo saa, jasho likanitoka. Nikasimama. Karani: keti. Kukaa siwezi, kusimama nako kukanishinda — nikalala chini. Sakafuni, na gauni langu la maana! Mume wangu akavua koti, akaniwekea kichwani.
Wakili wa ofisi, bwana mmoja wa tai nyekundu, akaruka kama kaungua: huo si ushahidi, mheshimiwa, tuangalie faili tu! Jaji akachungulia juu ya miwani. Kweli, akasema, anachokiona pale chini hawezi kukiandika. Basi nionyeshe, bwana wakili, humo kwenye faili, ofisi ilizijibu wapi zile kurasa nne?
Tai Nyekundu akafunua. Akafunua tena. Mimi huku chini naiona soksi yake, imetoboka kisigino. Mshahara wote ule!

Jumanne, 23 Aprili
Uamuzi wa ofisi umefutwa! Wakili wangu kanikumbatia mpaka nikapiga yowe. Tumeshinda nini sasa? Jaji hakunipa posho. Faili linarudi ofisini, waamue upya. Ofisi ile ile! Mume wangu kafurahi, kaenda kunyoa ndevu. Sikumharibia.

Alhamisi, 16 Mei
Kupimwa upya, saa tatu. Ghorofa ya nne. Lifti mbovu. Nikipanda, wataandika nimepanda. Nisipopanda, wataandika sikufika. Wajanja wa kijinga!
Karani wa ofisi kainama juu ya ngazi: "Panda pole pole tu, mama, dokta anakusubiri!" Nikamjibu ashuke yeye, mgongo anao. Kacheka. Halafu kaniletea fomu, nitie sahihi kwamba nimekataa kupimwa. Mume wangu kaikunja, kaitia mfukoni.
Nimejilaza ubavu hapa chini ya ngazi, naandika. Wakili hapokei simu. Saa tatu na nusu. Huko juu mlango umefunguliwa. Viatu. Vinashuka kunipima? Au bwana mkubwa dokta anakwenda chai tu —