Tundu Ubavuni mwa Fedha ya Babu

Liège, mwezi wa tatu

Kwa Baba yangu mpendwa, Shituru, Likasi,

Nakusalimu Baba, na kupitia kwako namsalimu Mama na wote wanaolala chini ya paa lenu. Kifua chako kinasemaje msimu huu wa mvua? Na goti la Mama, bado linaijua mvua kabla ya mawingu? Umeme wa bwawa la Mwadingusha unawafikia, au mashine ya kusaga inasimama tena mchana kutwa huku wanawake wanangoja na makarai yao? Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea, na kule ghalani bado tunapanga mboga kwa ukubwa, kubwa na kubwa mwenzake, kama ulivyokuwa ukipanga chupa zako za sampuli.

Barua yako niliipokea Jumapili kwa mke wa Pasta Ilunga, aliyerudi kutoka huko wiki iliyopita. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa kanisa, nikicheka peke yangu, mpaka nilipofika ukurasa wa pili. Baba, kabla hujaendelea kusoma, nakuomba jambo moja. Mwambie dada Yvonne aichukue keekee yako ya mkono aiweke juu ya kabati, na zile sarafu mbili za jirani yetu Mama Monga zibaki kwa mwenyewe kama zilivyo. Usizitoboe. Nitakueleza kwa nini, na maelezo yenyewe yananiaibisha mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Unaikumbuka siku uliyonikabidhi fedha ya babu. Ilikuwa sarafu yetu moja tu, yenye mfalme mwenye ndevu upande mmoja na simba wawili upande wa pili, ambayo babu aliachiwa na baba yake aliyebeba mizigo ya Wazungu kabla nchi haijaitwa koloni. Mhandisi mmoja aliyepita kwenye labo yenu ya kupimia shaba aliwahi kukuambia kwamba sarafu za namna ile zilipigwa chache sana, na tangu hapo neno hilo "chache" lilikaa nyumbani kwetu kama mgeni wa heshima. Tuliposhindwa kulipa kitu, mtu alisema, "Lakini tuna ile ya babu."

Mishahara ilikuwa imekatika. Mama alikuwa akitembea kila alfajiri hadi Kakontwe kuwauzia watu wa machimbo ya chokaa mahindi ya kuchemsha, na akirudi goti limevimba. Ukasema fedha ya babu itununulie mashine ya kusaga, Mama akae chini. Mimi nilikuwa nasafiri kuja huku, basi ikawa ni mimi wa kuibeba.

Jioni ile uliiweka mezani pamoja na mizani ndogo na keekee. Mama akashika kichwa.

— Baba Kyembe, uko unatoboa nini? Ile kintu ni ya muzee.

— Acha. Bazungu ni babishi, batasema ni bati. Nani anauzishaka shaba bila kupima? Miye miaka makumi tatu natobolaka, na hakuna muntu alinirudishia karatasi.

— Lakini Bazungu habakukuomba upime.

— Mutoto ataenda kusimama mbele yabo peke yake. Nataka akuwe na karatasi.

Mama akaenda kuangalia sufuria. Ulitoboa ubavuni, polepole, ili ncha isimguse mfalme wala simba. Vumbi lililotoka lisingejaza ukucha. Ulilipeleka kwa rafiki zako waliokuwa wamebaki labo, mkaliyeyusha kwa asidi, ukaandika namba zako kwa wino wa buluu: uzito, fedha kiasi gani, shaba kiasi gani. Chini ukaweka jina lako mahali pa aliyepima. Mahali pa aliyehakiki pakabaki patupu. Ukacheka, ukasema labo ingekuwa bado labo, karatasi ile isingetoka mlangoni bila jina la pili.

Hapa kuna watu wanaokusanya sarafu kuukuu, na mara moja kwa mwezi hukutana kwenye ukumbi wa shule. Ni siku ya Jumapili. Mungu anisamehe ibada niliyoikosa. Kwenye meza tatu za kwanza waliniambia fedha ni fedha tu, wananunua kwa uzito. Kwenye meza ya mwisho alikuwapo mzee mmoja mwenye koti lililochakaa viwikoni. Huyo aliposikia Kongo alinivutia kiti.

"Hizi zinadharauliwa," akaniambia. "Watu wanagombania sarafu zilizopigwa nyingi kama mchanga, kwa kuwa kila mtu anazijua. Hizi zilipigwa chache, na bado bei yake haipandi mbali na fedha iliyomo. Miaka mingi nazikusanya, nangoja dunia iamke. Mke wangu husema dunia imelala vizuri tu, niiache."

Nikamwuliza, kama ni chache, mbona hazina bei? Akaniambia uchache hauleti bei. Bei inaletwa na watu wawili wanaokitaka kitu kimoja. Akafungua kisanduku, akanionyesha sarafu ambayo maishani mwake hajaona ya pili yake. Imekaa mezani pake miaka mitatu, watu wanaitazama, wanapita. Baba, sisi tulizoea kusema kizuri chajiuza. Kumbe hata kizuri kinahitaji mtu wa kukionea wivu.

Lakini yeye alisema angeinunua yetu kwa bei nzuri, kwa sababu anazipenda. Nikaanza kuiona mashine inazunguka barazani. Ndipo alipoigeuza sarafu ubavu chini ya kioo chake cha kukuzia, akaliona tundu. Akaiweka juu ya kitambaa, taratibu.

— Nani aliyeitoboa?

— Baba yangu.

— Ili aivae?

Nikampa karatasi yako. Aliisoma yote, Baba, namba kwa namba, kidole kikifuata mstari. Halafu akavua miwani.

— Hii ni kazi safi sana. Lakini hapa hakuna aliyeuliza swali hili. Wanaokusanya wanataka sarafu ambayo haijaguswa. Sasa naweza kukupa bei ya uzito tu, kama wale wengine.

Nilipandwa na hasira. Nikamwuliza kama tundu lile limezaa sarafu nyingine duniani. Kama zilikuwa chache asubuhi, si bado ni chache mchana? Hakunicheka. Akasema, "Unasema kweli. Tena iliyotobolewa namna hii pengine ni hii moja peke yake. Na bado siwezi kukulipa." Nikaichukua fedha yetu, nikatoka. Kwa uzito wangeiyeyusha, na sikutaka babu aende kuwa kijiko cha mtu.

Sasa sikiliza kosa langu. Sikukuambia. Nilikuandikia kwamba imenunuliwa vizuri, na kwamba karatasi yako iliwafunga midomo. Zile pesa alizowaletea Pasta Ilunga zilikuwa za zamu za pili pale ghalani, miezi saba. Niliogopa kwamba ukiujua ukweli utaitazama mikono yako vibaya, na mikono hiyo ndiyo iliyonilea. Mliponiandikia kwamba mashine imefungwa barazani, na Mama haikanyagi tena njia ya Kakontwe, nilijisifu moyoni kwamba uongo wangu unasaga unga. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia mlangoni kwa Mama Monga.

Umeniandikia hivi, nami nayanakili maneno yako mwenyewe: "Mama Monga iko na mbili, za bwana yake marehemu. Nilimwambia tundu yetu njo ilifungula njia. Pasaka ikipita nitamutobolea zote mbili, bila franga, na nitamuandikia karatasi. Alilia na furaha." Niliposoma hapo niliacha kucheka. Mjane aliyebakiwa na vitu viwili vya mumewe atavileta mezani kwako avione vikitobolewa, na kilichomleta ni barua yangu. Hata zikibaki nzima sijui kama zitampatia chochote. Lakini yeye anakuamini wewe, na wewe uliniamini mimi.

Nikaikumbuka ile siku uliyochanganya chupa mbili za sampuli. Nilikuwa darasa la nne. Hakuna aliyekuona, namba zilikuwa zimekwisha andikwa, na ulikuwa tayari nyumbani unavua viatu. Ukavivaa tena. Mama akakuuliza unaenda wapi, ukamjibu, "Niko narudi ku labo, karatasi yangu inadanganya." Ulirudi tumekwisha kula, umekatwa marupurupu ya mwezi ule, na ulikula ugali baridi huku unatuchekesha. Nami nimevivaa tena viatu, Baba. Narudi kusema kwamba karatasi yangu ilidanganya.

Mwambie Mama Monga ukweli wote, hata sehemu yangu. Asizitoboe, wala asizisugue kwa majivu na ndimu ili zing'ae. Weusi ule ndio wanaoupenda hawa watu. Azifunge kwenye kitambaa kikavu. Yule mzee anaamini iko siku thamani yake itajulikana. Mimi sijui, na tumbo halingoji dunia iamke. Asiahidiwe utajiri. Akitaka kusaga, asage kwenu bila kulipa, na gharama yake muiweke juu yangu.

Na kwako niseme wazi. Ulikosea, Baba. Nalisema kwa heshima, maana hujawahi kumpenda mtu anayekupaka mafuta. Mama aliona mbele kuliko sisi sote, na namwomba radhi kwamba hatukumsikiliza. Lakini ulikosea kwa kutotaka nisimame peke yangu, na mbele ya meza ile sikusimama peke yangu. Ile karatasi ndiyo kitu pekee nilichobeba kutoka kwetu ambacho mtu wa huku alikisoma mpaka mwisho kwa heshima. Nilikupenda sana saa ile, na nilikuwa nimekasirika, na sikujua nianzie wapi kukuambia yote mawili. Ndiyo maana nikadanganya.

Nisalimie Mama, mwambie goti lake nalikumbuka katika maombi. Msalimie dada yangu Yvonne, mlinzi wa mashine, asiwapunje watu kipimo. Msalimie shangazi anayetuletea samaki wa mto Lufira, na mjomba shemasi ambaye najua atataka asomewe barua hii. Msomee yote, hata aya zinazoniaibisha. Na Mama Monga, jirani aliyenipa chai mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mwambie namwomba msamaha.

Barua hii anaileta Pasta Ilunga mwenyewe, anayeondoka kabla ya Pasaka. Ndani ya soksi ya sufu amebeba pia fedha ya babu, na karatasi yako imekunjwa kandokando yake. Haikuuzwa. Ukiipokea, iweke kwenye mizani kabla hujanijibu.

Kisha fungua karatasi, utazame chini. Juzi nilirudi kwa yule mzee mwenye koti lililochakaa, nikamwomba mizani yake. Tuliipima fedha yetu mara tatu, yeye akisoma namba, mimi nikifuata wino wako wa buluu. Haikuzidi, haikupungua. Akanikopesha kalamu, nikaandika jina langu pale palipokuwa patupu. Sasa karatasi yako inaweza kutoka labo.

Aliyepima: Baba.
Aliyehakiki: mwanao, Kyembe.