Barakoa Iliyokwenda Shambani

Dada Rehema,

Nakusihi haya usimwambie mtu, hasa mama. Kwa kuwa yeye hushika simu yako, nimeitia kadi hii kwenye bahasha na kuituma kwa basi.

Kibondo kuna baridi na ukungu. Juzi asubuhi niliosha barakoa ya mashine yangu ya kupumulia, nikaianika kwenye kamba ya nguo. Mama mwenye nyumba akaishika.

"Karani, hii si ya kupulizia dawa?"

Mpangaji mwenzangu, ambaye tuko naye ofisi moja, alikuwa anasikiliza. Niliogopa kusema kwamba nikilala bila hiyo, pumzi hukatika. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

"Kumbe karani naye mkulima!" akacheka.

Jioni nilikuta barakoa haipo. Mumewe alikuwa ameivaa shambani, akipulizia maharage sumu ya wadudu. Aliirudisha akifurahi: "Kifaa safi, karani, sikukohoa hata kidogo!"

Nimeiosha mpaka vidole vimechubuka, lakini bado inanuka sumu, na nikiivaa koo linawaka. Sasa nalala nimeketi, nimeegemea ukuta, nikiogopa usingizi wenyewe. Nakukumbuka wewe uliyekuwa ukinigeuza ubavu nikianza kukwama.

Barakoa ya akiba iko chini kabisa kwenye sanduku langu huko nyumbani. Izungushie khanga, mpe kondakta wa basi la Kasulu linalopita hapa Kibondo, nami nitaifuata stendi. Usipige simu ofisini. Niandikie ujumbe mfupi tu, "mzigo umeondoka", kisha uufute.

Mdogo wako,
Juma