Hojaji Mia na Ishirini

Jumatatu, 4 Machi

Miguu imevimba. Hojaji kumi na mbili leo, na kila moja nimeitolea jasho. Swali lenyewe ni moja tu ukiondoa madoido yote ya kisomi: baraza la mji likiifunga zahanati ya mtaa na kuhamishia huduma hospitali kuu, wewe mkazi unakubali au hukubali? Basi! Lakini Msimamizi wetu wa utafiti anataka maswali ishirini na mbili, na kila swali visanduku vitano, kuanzia "nakubali kabisa" kushoto hadi "sikubali kabisa" kulia. Ndiyo sayansi ya siasa hiyo. Miaka mitatu nimekalia dawati kwa ajili ya visanduku.

Kinyozi alinijibu huku ananyoa, macho kwenye kichwa cha mteja. Anakubali, anakubali, anakubali. Nikamwuliza mara ya mwisho alikwenda zahanati lini. Akasema yeye haumwi. Haya. Muuza mkaa akaniuliza nikishaandika, dawa zitakuja? Nikamwambia mimi mwanafunzi tu, mama. "Basi mwanafunzi, andika sikubali. Andika kwa herufi kubwa." Kisanduku hakina nafasi ya herufi kubwa. Nikatia alama ya vema, akainama kuhakikisha.

Mwenzangu wa utafiti anasema amepata ishirini leo. Tunamwita Mheshimiwa, maana huvaa koti la suti hata jua likiwaka, na hukohoa kwanza kabla ya kusema lolote. Ishirini! Na viatu vyake havina hata chembe ya vumbi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempeleka Bibi zahanati kubadilishwa bandeji. Kidonda cha mguu, miezi minne sasa, hakitaki kufunga. Mara mbili kwa wiki anakwenda mwenyewe na fimbo yake, anapumzika kwa fundi viatu, anapumzika tena ukutani pa shule, anafika. Hospitali kuu ni mabasi mawili na ngazi. Bibi hapandi ngazi. Hilo halihitaji utafiti.

Zahanati yenyewe, ukweli usemwe, inatia kinyaa. Rangi ya ukuta imebanduka, choo kimefungwa kwa waya, benchi moja limevunjika mguu na limeegemezwa kwa tofali. Lakini Sista, muuguzi wa pale, anakijua kidonda cha Bibi kuliko mimi. Anamwambia leo kimetulia, juzi kilikuwa na hasira. Bibi akanitambulisha mbele ya foleni nzima: "Huyu ni mke mwenzangu. Anasomea serikali." Watu wakacheka. Sista akasema basi aiambie hiyo serikali ituletee glavu.

Nilitaka kumhoji Bibi, nikajizuia. Kanuni zinakataza kumhoji ndugu, majibu yatapinda. Nikajiona mwadilifu kweli kweli.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimechefuka!

Nilikwenda chumbani kwa Mheshimiwa kuchukua hojaji zake ili tuanze kuingiza takwimu. Mlango wazi. Yuko kitandani na fulana ya ndani, miguu juu, redio inaimba, mapajani rundo la hojaji. Kalamu tatu: ya buluu, nyeusi, na nyingine ya wino unaofifia ili ionekane ya mtu maskini. Kaniambia hivyo mwenyewe, kwa kujisifu! Anatia vema, anafunua. Anatia vema, anafunua. Sitini zote, nusu yake ya kazi yetu. Hakuna hata moja iliyotoka nje ya kile chumba.

Nikaanza kuzipitia. Safi, hazina mkunjo wala alama ya kidole. Zangu zina mkaa, zina jasho, moja ina damu ya mbu. Halafu nikaona jambo lingine. Kila swali, kila karatasi, vema iko kushoto. "Nakubali kabisa." Kwa nini? Kwa sababu ndiyo safu ya kwanza! Mkono wake haukutaka kwenda mbali. Ukianza juu kushoto unateremka tu mpaka chini. Kama safu ya kwanza ingekuwa "sikubali kabisa", wakazi wake wote sitini wangegeuka wapinzani.

Nikamwambia wewe ni mchafu. Mchafu wa roho! Akakohoa. Akasema hakuna shahada ya kwanza isiyopikwa, hata wao waliotufundisha walipika, na utafiti wetu utaishia kabatini kama wenzake wote. Nani atausoma? Kisha akanikaribisha karanga. Karanga! Kwenye kiganja kile kile.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike tu, maana hapa hanisomi mtu.

Nilikuwa na hamsini na moja. Zilibaki tisa. Mvua tangu Jumatano, mtaa wote matope, milango imefungwa. Mwisho wa kukabidhi saa kumi jioni. Nikakaa maktaba, nyuma kabisa, kwenye meza iliyo karibu na ndoo ya kukingia maji yanayovuja. Nikazijaza zote tisa.

Na nilizijaza kwa dhamiri! Hicho ndicho kinachonichefua. Nne nikaziandika zinakubali, tatu hazikubali, mbili hazijui, ili zifanane na watu. Nikambuni mwalimu mstaafu. Nikambuni mama mwenye watoto mapacha, nikamwonea na huruma. Moja niliikunja na kuisugua sakafuni ipate uchafu. Sugua, tazama, sugua tena. Mheshimiwa ni mvivu, lakini hakufikia kusugua. Nimejinukia mwenyewe mpaka nikaenda kunawa.

Jumatatu, 25 Machi

Msimamizi ametuita ofisini. Amefurahi, anang'aa. Hojaji mia na ishirini, hakuna iliyopotea, katika maisha yake hajapata kuona! Asilimia sitini na moja ya wakazi wanakubali zahanati ifungwe. Ana rafiki yake pale baraza la mji, ofisa mipango, ambaye alikuwa anatafuta kitu kama hiki. Ameshampelekea muhtasari. Wanafunzi wangu mtaingia kwenye sera, anasema. Mheshimiwa akakaza koti.

Nikasubiri mwenzangu atoke. Nikasema, mwalimu, zile za mwenzangu sitini hazikufanywa mtaani. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Na zako?"

Nikatazama kalenda yake ukutani, ya mwaka juzi. Akaendelea kufuta miwani. Akasema basi tusitibue mambo, binti. Ukweli ukitoka, wote wawili mnarudia mwaka, na yeye mwenyewe ataulizwa alisimamia nini. Na hata hivyo, sampuli ni sampuli. Akaniambia nifunge mlango nikitoka, kiyoyozi kinapoteza baridi.

Nimepiga hesabu upya. Zile za kweli tu, hamsini na moja: tisa wanakubali, thelathini na wanane hawakubali, wanne hawajui. Asilimia kumi na nane! Hiyo ndiyo iliyosemwa na watu wenye vinywa.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Bibi kanisomesha tangazo.

Limebandikwa mlangoni pa zahanati, muhuri wa baraza, maandishi madogo. Watu wamelizunguka, kila mtu anasema lake. Bibi akanishika bega, akasema msomi wangu yuko hapa, mpisheni. Wakanipisha. Nikasoma kwa sauti: huduma zitahamishiwa hospitali kuu mwisho wa mwezi. Mkutano wa wakazi Jumamosi, saa nne asubuhi, darasa la kwanza la shule ya msingi, kutoa maoni ya mwisho.

Katikati kulikuwa na mistari miwili nimeiruka. "Kwa kuzingatia utafiti huru wa kitaaluma, ambapo asilimia 61 ya wakazi waliunga mkono." Nimeiruka! Mbele ya watu ishirini na Bibi kanishika bega, macho yangu yakapita pale kana kwamba hapana kitu.

Fundi viatu akauliza mbona nimesoma haraka, hakuna sababu? Nikasema hawakuandika sababu. Sista alikuwa mlangoni na beseni lake. Yeye anajua kusoma. Akanitazama, akaingia ndani. Laiti angenitukana.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemwandikia ofisa mipango barua. Kurasa mbili. Nimeichana. Nimeandika nyingine, ya nusu ukurasa, yenye ukweli wa mwenzangu bila ukweli wangu. Hiyo nimeichana vipande vidogo zaidi.

Bibi anauliza mbona sili. Nimemwambia mitihani. Akaniombea dua palepale, mikono ina harufu ya dawa ya kidonda. Kama kuna mtu mnafiki kuliko mimi duniani, na ajitokeze tupeane mikono.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika hapahapa, daftari gotini. Madawati ya watoto, magoti yanagonga ubao. Watu wamejaa mpaka madirishani. Nimekuja na barua ya tatu. Hii ina kila kitu, tisa zangu na sitini zake, na jina langu chini. Iko ndani ya kitabu. Nilikusudia kumpa ofisa kimyakimya mkutano ukiisha. Kimyakimya! Hata ushujaa wangu unapitia mlango wa uani.

Bibi yuko kulia kwangu. Kajifunga kanga mpya. Ametoka nyumbani mapema kuliko mimi, kapumzika mara tatu njiani. Bandeji imelowa tayari.

Ofisa mipango ni mtu mwembamba, mpole, anatabasamu kila nukta. Msimamizi kakaa naye meza kuu. Mheshimiwa benchi la mbele, koti, miguu kaikunja vizuri. Hanitazami.

Sista kasimama kuuliza nani alihojiwa, maana tangu juzi anauliza wagonjwa wake na wengi wanasema walikataa. Sauti zikapanda. Muuza mkaa anapiga kelele kwamba yeye alisema sikubali na aliona ikiandikwa! Ofisa akainua mikono miwili. Anasema tusibishane na sayansi, ndugu zangu. Hawa si watu wa kutoka mbali. Mtafiti mmoja ni binti wa mtaa huu huu, ameingia nyumba kwa nyumba, namba zote anazo. Anapekua karatasi. Anasoma jina langu. Jina kamili, na la baba.

Anauliza yuko wapi, asimame awaeleze wenzake walisema nini.

Vichwa vyote vimegeuka. Msimamizi anatikisa kichwa kidogo sana, kulia, kushoto. Mheshimiwa kaanza kukohoa.

Bibi hajui kitu. Uso wake umechangamka wote, sijauona hivyo tangu nipate barua ya chuo. Ananisukuma kwa kiwiko. "Simama, mke mwenzangu. Si majirani wote walikwambia? Waambie walivyokwambia." Anageukia walio nyuma, anasema huyu ni wangu, huyu nimemlea mimi, sasa mtasikia. Wameanza kumpigia makofi. Anavuta daftari langu, anasema weka kalamu kwanza, mama, watu wanakungoj