Wanaolipia Moshi

Rayners Lane, London
5 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukipumua vizuri. Nimeanza na pumzi yako kwa makusudi. Afya nyingine zote nitaziuliza baadaye. Mimi ni mzima, na baridi ya huku imeanza kulegea. Kaka Humphrey ananiarifu kwamba hutaki tena simu, ati mwalimu mstaafu huheshimiwa kwa maandishi, na kwamba yeye atazipiga picha barua zako na kunitumia. Sawa, Mwalimu. Naandika.

Nimepata kazi ya mwisho wa wiki. Karibu na ninapoishi kuna kiwanja ambacho kila kiangazi hugeuzwa kijiji cha Uingereza ya miaka mia sita iliyopita. Liko banda la kufua chuma, liko banda la kushona viatu, liko la kusokota sufu, na lipo darasa la mapishi. Mwenye darasa ni Mwingereza aitwaye Linus, mtu mpole, mwenye ndevu anazozifuga kwa ajili ya kazi hii. Siku ya usaili alituuliza: "Nani kati yenu anaweza kuwasha moto wa kuni huku mvua inanyesha?" Wenzangu wakatazamana. Mimi, binti yako, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nikanyoosha mkono. Katika elimu yangu yote, hiyo ndiyo iliyonipa ajira.

Nimevishwa gauni la kitani na kilemba cheupe. Nawafundisha mawakili na wahasibu kupuliza moto. Wanapika uji mzito wa shayiri na vitunguu, wanachoma mkate juu ya bamba la chuma. Moshi ukiwaingia machoni wanacheka, wanajifuta machozi, wanapigana picha. Mama, watu wanalipa! Wanalipa ili walizwe na moshi! Nilisimama pale na mwiko mkononi nikajiuliza: ni haki gani hii, ambayo moshi ule ule kwa mmoja ni burudani ya Jumamosi, na kwa mwingine ni hukumu? Wao jioni wanarudi kwenye majiko ya umeme. Wewe unatoka wapi, unarudi wapi?

Daktari wa hospitali ya rufaa alitamka mbele ya Humphrey kwamba mapafu yako yameliwa na moshi na hayatastahimili zaidi. Je, jiko la gesi nililokutumia limefika? Unalipikia? Nijibu hilo kabla ya jingine lolote.

Binti yako,
Elinaja


Machame
16 Mei 2025

Mwanangu Eli,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, mvua imetosha, migomba inapendeza. Barua yako nimeisoma na kuisahihisha: alama za mshangao umezimwaga kama chumvi. Mtu mwenye hoja hahitaji zote hizo.

Jiko limefika. Ni zuri, Mungu akubariki. Nimeliweka sebuleni kando ya kabati la vyombo, nikalifunika kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua. Mchungaji alipopita aliliulizia. Nikalifunua, akaliona, nikalifunika. Amesema una moyo.

Kifua hakijambo. Kikohozi ni cha huu upepo unaoshuka mlimani.

Tatiana, mke wa kaka yako, amekaribia kujifungua. Unajua desturi: miezi mitatu mzazi anakaa ndani, na mama mkwe anampikia, kama bibi yako alivyonipikia mimi ulipozaliwa. Mtori wa mzazi unapikwa kwa kuni za mibuni, taratibu, mpaka ndizi zijisahau kuwa zilikuwa ndizi. Gesi ina haraka. Inakupa kitu kimeiva nje, ndani kinakushangaa.

Halafu wewe mwenyewe, si umo katika moshi huo huo, tena umevaa kilemba? Anza kutoka wewe, nami nitakufuata.

Mama yako


Rayners Lane
2 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, namsalimu Tatiana na tumbo lake, namsalimu Humphrey mpiga picha wetu. Mwili wangu ni mzima; moyo umechafuka.

Jiko la gesi sebuleni! Chini ya kitambaa! Mama, mimi nilisimama mbele ya chuo kizima, nikaongoza mgomo mpaka wakanisimamisha masomo, na umati ukanisikiliza. Katika Tanzania nzima ni mwanamke mmoja tu niliyeshindwa kumshawishi, naye ndiye aliyenizaa. Ni nani aliyetuagiza kwamba upendo upimwe kwa wekundu wa macho? Ni sheria ipi, ya kanisa au ya ukoo, inayosema mzazi hatashiba mpaka mpishi wake akohoe? Desturi iliyotulea ikianza kutuua, tunayo haki, la, tunao wajibu, wa kuikatalia!

Jumamosi nilishindwa kujizuia. Mwanamke mmoja darasani alijipepea kwa kofia akasema, "Zamani watu waliishi vizuri. Walikuwa karibu na moto." Nikaweka mwiko chini. Nikapanda juu ya gogo na gauni langu la kitani, nikawaambia: "Zamani ipi? Mama yangu amepika hivi asubuhi ya leo! Haya mnayoyalipia yanamnyima pumzi!" Nikawaeleza jiko lako lisilo na dirisha, nikawaeleza daktari, nikawaeleza kikohozi chako. Nilisema mpaka sauti ikakatika. Kisha wakapiga makofi.

Makofi, Mama. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mzee mmoja aliniuliza nani ameniandikia maneno yale. Linus akanijia, macho yamemlowa: "Elinaja, hatujawahi kuwa na kitu kama hiki. Unaweza kurudia kesho, saa nane, baada ya mkate?"

Surjit alinikuta nyuma ya banda nalia. Ni mama wa Kisikh anayeishi Queensbury na anayefundisha kusokota sufu; alizaliwa Arusha, na Kiswahili chake bado kina harufu ya soko. "Wee binti," akasema, "hawa wamekata tiketi. Ukiwatukana, watasema onyesho zuri. Ukizimia, watasema zuri sana." Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Akanipa leso, akaongeza: "Sasa huyo mama, umemwuliza kwa nini hatoki jikoni? Au umemhutubia tu?"

Kweli, nimekuhutubia tu. Basi nakuuliza. Kwa nini?

Binti yako,
Elinaja


Machame
20 Juni 2025

Mwanangu Eli,

Marahaba. Tumshukuru Mungu: Tatiana amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti kama yako. Humphrey anatembea kijijini kana kwamba uchungu ulikuwa wake. Mtori ameula, bakuli kalirudisha limelambwa.

Hayo makofi nimeyacheka mpaka ikanibidi nikae. Lakini sasa umeuliza swali badala ya kutoa amri, na mwalimu anayeulizwa hujibu.

Baba yako alipofariki watu walijaa, wakala, wakalia, tukaanua tanga, kila mmoja akarudi kwake. Nilipostaafu, shule ilinipa keki na kiti cha plastiki. Ninyi mkaenda, mmoja kwa mkewe, mwingine kwa Wazungu. Waliobaki kuja kwangu ni wanawake, Eli, nao hawaji sebuleni. Sebuleni mtu hukaa ukingoni mwa kochi, huuliza habari, hunywa chai, huaga. Jikoni huingia bila hodi, huvuta kigoda, hushika kisu akamenya ndizi, na kabla mkungu haujaisha umeshajua mumewe kamfanyia nini na yeye kaamua nini. Chakula cha kuni kinachukua muda. Mimi nautaka huo muda.

Nikiwasha hilo jiko lako, ndizi zitaiva upesi na hakuna atakayekaa. Nitakula mwenyewe, nitapumua vizuri, mwenyewe. Kwa nani?

Mwandiko ukikusumbua nivumilie. Naandikia kitandani, nimejinyoosha kidogo tu.

Mama yako


Rayners Lane
23 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Nibusieni miguu yake.

Barua yako nimemsomea Surjit tukiwa tunasubiri basi. Akasema, "Huyu mama amekushinda." Amenishinda, nakiri. Nilikuwa napigana na kuni, kumbe upande wa pili wapo watu.

Lakini kisha nikaogopa. Mwanamke asiyeketi mchana anaandikia kitandani kwa sababu gani? Mistari yako ya mwisho inashuka kama mtu anayeteremka akishika ukuta. Na hapo nikaelewa kwa nini uliikataa simu. Barua haikohoi, Mama. Umejificha nyuma ya karatasi, nami nikakuita Mwalimu, nikacheka!

Sikiliza basi pendekezo langu, nami nimeliandika bila hasira. Sikuombi tena uhame jikoni. Naomba moto ndio uhame. Mwambie Humphrey alibebe jiko la gesi alipeleke huko huko jikoni nje, ang'oe mafiga, atoboe dirisha ukutani. Vigoda vibaki. Wanawake waje kama kawaida yao. Hata ndizi zikiiva upesi, nani atawafukuza? Wamenye za kesho. Wamenye za jirani. Wakae mpaka maneno yaishe.

Niambie umekubali. Niambie hata kwa neno moja.

Binti yako,
Elinaja


Rayners Lane
13 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Swali hili safari hii si la desturi, ni la mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye taa na hafunguliwi.

Hujajibu. Humphrey ananiandikia maneno yale yale, "Mama yupo, usijali," na nikimpigia anapokea, nasikia milango inafungwa, ndipo aseme. Mtu mwenye mama mzima hafungi milango.

Jumapili iliyopita nilifukuzwa kwenye maonyesho. Linus alikuwa ameandika ubaoni saa ya hotuba yangu, kati ya mkate na jibini. Watu walikuja mapema kushika nafasi za mbele. Nilipanda juu ya gogo, nikawatazama. Nikashuka, nikachukua ndoo, nikaumwagia moto maji. Chungu kikapasuka, uji ukamwagika, watoto wakapiga kelele. "Darasa limekwisha," nikawaambia. "Nendeni nyumbani mkapumue." Baadhi yao wakapiga makofi. Linus hakupiga. Alisema kwa upole kwamba nisirudi, na Surjit akanisindikiza hadi stesheni akiwa bado na kofia yake ya kale, abiria wakimtazama, naye akiwatazama vilevile.

Ombi langu la kuongezewa muda wa kukaa liko Home Office, wizara ya huku inayotoa vibali. Nikivuka mpaka kabla ya majibu, linafutika, na masomo yanafutika nalo. Lifutike! Nimekuja huku kujifunza namna ya kuwatetea watu walio mbali, na aliye karibu yangu kuliko wote namtetea mbele ya watalii. Sema nije. Usiniandikie aya. Andika "njoo", mwambie Humphrey apige picha, nami nitakuwa njiani.

Au kohoa, Mama. Mwambie arekodi. Nitajua uko hai.

Binti yako,
Elinaja


Machame
17 Agosti 2025

Mwanangu Eli,

Marahaba. Naandika mstari, napumzika, naandika mwingine. Barua hii ni ya siku kadhaa, kwa hiyo salamu zake zimeshachakaa kidogo.

Usimlaumu kaka yako. Nilimkataza kukwambia. Nililazwa, nimetoka, nimerudi na mashine ya oksijeni inayonguruma kando ya kitanda kama paka aliyeshiba. Muuguzi amesema isikae karibu na moto wa aina yoyote, wala mimi nisiusogelee. Kwa hiyo umeshinda. Sipiki tena.

Usije. Maliza masomo.

Ulisema moto uhame. Nilikubali, mwanangu, lilikuwa wazo la mtu aliyesikiliza. Kabla sijalazwa Humphrey alilibeba jiko nje na tukalipikia, na wanawake walikaa, tena walicheka kwamba sasa wanaonana sura. Kisha mimi nikaenda hospitali, gesi ikaisha, na kuni zilikuwa pale pale ukutani. Dirisha halijatobolewa. Mafiga yamerudi.

Tatiana amehamia hapa kwangu, naye ndiye anayepika. Hajamaliza miezi yake ya uzazi, lakini nani ampikie? Anajipikia mtori wake, anapika na wangu. Wanawake bado wanakuja. Wanaanzia chumbani kwangu, wanakaa ukingoni mwa kitanda, wananiuliza habari, wananiaga. Halafu nasikia hatua zao zinazunguka nyumba kwenda nyuma. Nasikia vicheko. Maneno hayafiki.

Mwandikie Tatiana. Usimhutubie, mwulize kwanza. Mimi nimejaribu. Jana moshi ulikuwa mwingi, kuni zilikuwa mbichi, nikauona unapita nje ya dirisha langu, nami najua mtoto yuko mgongoni mwake. Nikakusanya pumzi nimwite, nimwambie atoke. Pumzi ilitosha kutaja jina lake tu. Akaja mbio, akasimama mlangoni, macho mekundu, mtoto anakohoa kidogo kidogo begani kwake. "Abee, Mama? Nikuletee nini?" Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha ule moshi dirishani. Akasema, "Pole, Mama, unakuumiza," akaja akalifunga dirisha vizuri, akanitengenezea shuka, akarudi jikoni.

Mama yako